Maji na Saruji Vikutane Wapi? Habari za Mdomo wa Mpira Unaorusha Zege

Haya ni maneno ya somo letu la redio, yamepigwa chapa ili wewe uliyekwisha kujua kusoma uyapitie tena polepole, na mwenzako anayeanza umsomee kwa sauti. Leo nataka tuzungumze habari za chombo kidogo, kiasi cha kushikwa kwa mikono miwili. Ni mdomo wa chuma au wa mpira mgumu, unaofungwa mwisho wa bomba la kurushia zege. Mafundi huuita nozeli. Utauona mdogo, lakini watu wamesumbuka nao zaidi ya miaka mia moja, na wengine umewadhuru macho na mapafu. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza mtazame fundi apigapo lipu. Huchota mchanganyiko kwa mwiko, huurusha ukutani kwa nguvu, kisha huusawazisha. Sehemu hushika, na sehemu huanguka miguuni pake. Kwa nyumba ya vyumba vitatu hapana taabu. Kilichoanguka hukiokota akarudia. Lakini fikiri ukuta mrefu kama minazi miwili iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine, tena wenye nguzo na nakshi. Au fikiri dari ya njia iliyochimbwa chini ya mlima, ambayo mawe yake yanataka kuanguka leo hii, wala hayamngoji fundi na mwiko wake. Hapo inatakiwa njia nyingine ya kulifikisha zege mahali pake na kulifanya lishike.

Njia ilikuwa wazi tangu zamani: lisukume kwa hewa ndani ya mpira, kama upepo unavyosukuma mchanga wa pwani. Kikwazo kilikuwa saruji yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba zege hukauka, kama nguo inavyokauka juani. Sivyo. Saruji ikikutana na maji, vitu hivyo viwili hushikana na kufanya kitu kipya, kigumu kama jiwe. Hata ukilimwaga zege chini ya maji litaganda vile vile. Basi saa huanza kuhesabiwa pale maji yanapoigusa saruji, na mafundi wetu wana msemo wao kwa jambo hilo: zege halilali. Ukichanganya leo, utalimwaga leo. Sasa wewe jaza mpira wa meta 30 kwa zege bichi, kisha kazi isimame kwa sababu mashine imeharibika. Ukirudi utakuta mpira umekuwa gogo la jiwe, nawe huna la kufanya ila kuukata na kuutupa.

Kwa hiyo swali la somo letu ni hili: maji na saruji vikutane wapi? Likumbuke swali hilo, maana litatufuata kutoka mji mmoja wa Marekani mpaka chini ya milima ya Ulaya.

Mji wenyewe ni Chicago. Mwaka 1893 mji huo ulifanya maonyesho makubwa ya dunia, kukumbuka miaka 400 tangu Columbus alipofika Amerika. Katika miezi sita watu waliingia zaidi ya mara milioni 27. Majumba ya maonyesho yalikuwa makubwa ajabu, meupe, yenye nguzo kama za marumaru. Lakini ulikuwa weupe wa juu juu tu. Kuta za nje zilikuwa plasta iliyotiwa nyuzi za juti, iliyokusudiwa kudumu mpaka maonyesho yaishe. Jumba moja lilikuwa na matofali ndani, kwa sababu humo ndimo zilimowekwa picha za thamani, na watu waliogopa moto. Jumba hilo halikubomolewa. Mwaka 1894 likafanywa makumbusho, yaani nyumba ya kuwekea vitu vya maarifa, wanyama, mawe, na vyombo vya kale. Marshall Field, mfanya biashara wa Chicago, alitoa dola milioni moja, na makumbusho hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Matofali yalidumu, plasta haikudumu. Chicago ina baridi kali. Maji ya mvua huingia katika nyufa ndogo, usiku huganda na kuwa barafu, na barafu hutanuka ikaubandua ukuta. Miaka ilivyopita, jumba lile la fahari likaanza kumomonyoka kama nyumba ya udongo iliyoachwa bila mwenyewe. Kulipaka upya kwa mikono ilikuwa kazi ya watu wengi na gharama nyingi.

Aliyepata dawa hakuwa mwashi wala mhandisi. Alikuwa Carl Akeley, mtu aliyezaliwa shambani katika Jimbo la New York mwaka 1864, na kazi yake katika makumbusho ile ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa mpaka waonekane kana kwamba ni wazima. Zamani watu walijaza ngozi kwa majani makavu, na mnyama akatokea kama gunia. Akeley alifinyanga kwanza umbo la mnyama kwa udongo, msuli kwa msuli, akafanya kalibu ya plasta, na mwisho akaivika ngozi. Kwa ajili ya kazi hiyo alifika kwetu Afrika mara nyingi. Mwaka 1896 alikuwa nchi ya Wasomali, na huko chui alimrukia, akapigana naye na kumwua kwa mikono mitupu. Miaka ya 1905 na 1906 alikuwa Kenya ya leo pamoja na mkewe Delia, wakakusanya ndovu. Ndovu wawili kati yao, mmoja wao aliyepigwa risasi na Delia mwenyewe, wamesimama mpaka leo katika makumbusho ya Chicago kana kwamba wanapigana. Sikuambii habari hizi ili umsifu kwa kuua ndovu. Nakuambia upate kujua kwamba mikono yake ilizoea plasta, kalibu, na waya, na kwamba katika karakana yake alikuwa amekwisha jaribu kurusha plasta kwa nguvu ya hewa.

Mwaka 1907 jaribio hilo likaletwa kwenye kuta zile zilizokuwa zikimomonyoka. Akeley akatengeneza mashine ya kurusha mchanganyiko kwa hewa iliyoshindiliwa, na baada ya plasta akaendelea mpaka saruji na mchanga.

Tazama jinsi alivyolijibu swali letu. Alivipeleka vitu viwili mbali mbali. Mchanga na saruji vilichanganywa vikavu na kutiwa katika chombo cha chuma chenye vyumba viwili, kimoja juu ya kingine. Chumba cha juu kikijaa, kifuniko chake hufungwa na hewa huingizwa humo. Kisha mlango wa kati hufunguka, na mchanganyiko huanguka chumba cha chini. Chumba cha chini hakipotezi hewa yake wakati wowote, kwa hiyo kazi haikatiki wakati cha juu kinapojazwa tena. Chini kabisa palikuwa na gurudumu lenye meno, lililotoa mchanganyiko kidogo kidogo na kuupeleka penye upepo wa hewa, nao ukaenda mbio ndani ya mpira mpaka mwisho. Maji yalipita katika mpira wao wenyewe, mwembamba. Mipira hiyo miwili ikaja kukutana mdomoni, mkononi mwa mtu anayerusha. Hapo ndipo maji yalipoigusa saruji mara ya kwanza, na muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua baadaye vilikuwa ukutani. Kazi ikisimama, ndani ya mpira mna vumbi kavu tu, na vumbi kavu haligandi.

Mwaka 1909 Akeley aliomba hataza, yaani haki ya serikali inayosema kwamba chombo hiki umekibuni wewe. Akaipata mwaka 1911. Lakini mashine yake ilipoonyeshwa kwa wajenzi huko New York, Desemba 1910, mwenyewe hakuwapo. Alikuwa tena Afrika Mashariki. Mwaka huo huo, katika miteremko ya Mlima Kenya, ndovu alimkandamiza chini, akamvunja mbavu na kumjeruhi uso. Ilibaki kidogo sana mwenye hataza asiione karatasi yake. Mashine ikaitwa kwa Kiingereza bunduki ya saruji, na kampuni ya huko Allentown, Pennsylvania, ikaitengeneza na kuiuza. Kilichorushwa wakakipa jina la biashara, Gunite, kutokana na neno lao la bunduki.

Sasa tuingie ndani ya mdomo wenyewe, maana huko ndiko taabu iliko.

Ukiufungua mdomo wa mashine kavu utakuta pete. Ni pete ya chuma au shaba iliyotobolewa matundu madogo madogo kuizunguka, na mchanganyiko mkavu hupita katikati yake. Maji huizunguka pete kwa nje, kisha huingia ndani kwa matundu yale, kila tundu likitoa uzi wake mwembamba. Kwa nini matundu mengi, wala si moja kubwa? Fanya jaribio hili nyumbani. Weka unga wa mahindi katika bakuli, mimina maji kidogo mahali pamoja, kisha koroga mara moja tu. Utapata mabonge: nje yameloa, ndani unga mkavu. Mwingine chukua unga, unyunyizie maji kwa vidole pande zote. Utaloa sawasawa. Mama anayesonga ugali ana nafasi ya kukoroga mpaka mabonge yaishe. Nozeli haina nafasi hiyo. Mchanganyiko unapita kwa kasi kubwa, na urefu wote wa mdomo baada ya pete huenda ukawa pungufu ya mkono mmoja. Kilicholoa kimeloa, na kisicholoa kitafika ukutani kikavu, kikawa tabaka la vumbi ndani ya zege.

Tena maji lazima yawe na nguvu kuliko hewa. Kama hewa ndani ya mpira ina msukumo mkubwa kuliko maji, maji hayataingia kabisa. Hewa ndiyo itakayotoka kwa matundu yale na kuyarudisha maji nyuma. Ndiyo maana penye maji dhaifu ya mfereji hufungwa pampu. Na tundu moja likizibwa na chembe ya mchanga, upande huo wa zege hutoka mkavu, wala mrushaji hauoni upesi. Mafundi wengine walihamisha pete, wakairudisha nyuma meta kadhaa kutoka mwisho wa mdomo, ili maji na saruji vipate safari ndefu kidogo ya kujuana. Mchanganyiko ulikuwa bora zaidi, na vumbi likapungua. Lakini kadiri unavyorudi nyuma ndivyo unavyolikaribia tena lile gogo la jiwe. Pata huku, poteza kule. Kila mbuni wa nozeli amelazimika kuchagua.

Jambo lingine ni mkono. Kipimo cha maji hakikuwa katika mashine. Kilikuwa bilula ndogo karibu na mdomo, na mrushaji aliifungua na kuifunga kwa kutazama tu rangi na mng'aro wa zege ukutani. Likichuruzika, punguza maji. Likiwa jeusi lenye mabaka makavu, ongeza. Jengo zima basi, likiwa bwawa au tangi au nguzo ya daraja, lilitegemea jicho la mtu mmoja aliyesimama katikati ya vumbi. Mimi naona hili ni jambo kubwa sana. Mhandisi alichora, mwenye fedha akalipa, lakini nguvu ya zege iliamuliwa na kibarua mwenye bilula.

Na vumbi lilikuwa lingi. Mnamo 1914 wachimbaji wa serikali ya Marekani waliipeleka mashine hii chini ya ardhi, katika mgodi wa majaribio huko Bruceton, Pennsylvania, ili kuyafunika mawe ya kuta yasiendelee kumomonyoka. Kazi ilifaa. Lakini chini ya ardhi hakuna upepo wa kuliondoa vumbi, na vumbi la mchanga wenye silika likiingia katika mapafu halitoki. Likikaa miaka, mapafu hufanya makovu, na mtu hukosa pumzi hata kwa kupanda ngazi chache. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na mpaka leo hauna dawa ya kuuponya. Kujikinga ndiko pekee kunakofaa.

Palikuwa na hasara nyingine iliyoonekana kwa macho. Mchanga ukipiga ukuta kwa nguvu, sehemu hurudi na kuanguka chini. Kwa njia hii kavu mara nyingi robo nzima ya mali hupotea hivyo, na darini hupotea zaidi. Usiwadhani warushaji ni wazembe. Mrushaji hodari husimama kiasi cha meta moja au mbili kutoka ukutani, huulekeza mdomo sawasawa mbele ya ukuta bila kuupinda, na huuzungusha mduara mdogo mdogo bila kupumzika. Akiupinda upande, zege huteleza ukutani na kuruka. Lakini hata kwa mkono hodari, chungu la mchanga hukua miguuni.

Akeley hakuishi kuona mambo yalivyoendelea. Katika miaka yake ya mwisho aliacha fikira nyingi za bunduki, akawatetea masokwe wa milima ya Virunga, na shauri lake lilisaidia kumfanya mfalme wa Wabelgiji aweke hifadhi huko mwaka 1925. Mwaka uliofuata, Novemba 1926, alifariki katika milima hiyo hiyo, na kaburi lake liko Kongo, karibu na mlima Mikeno.

Katika miaka ya 1950 wajenzi walilijibu swali letu kwa namna nyingine. Walisema: pampu zetu sasa zina nguvu, na tuchanganye zege lote kwanza, maji na saruji na mchanga na kokoto ndogo, kwa vipimo sahihi, kisha tulisukume bichi mpaka mwisho wa mpira. Hewa tuitie mdomoni tu, ili ilirushe. Hii ndiyo njia ya maji. Faida zake utazikisia mwenyewe. Kipimo cha maji kiliondoka katika bilula ya kibarua kikaingia katika mashine ya kuchanganyia. Vumbi likapungua sana. Zege lililorudi chini likapungua pia, likawa kama sehemu moja katika kumi, mara nyingine pungufu.

Lakini chochote kinachopita vizuri katika mpira ni kilaini, na kilaini hakikai darini. Rusha uji wa zege juu ya kichwa chako, utakurudia. Hapa ndipo inapokuja habari ya pili ya nozeli, ile ya dawa ya majimaji.

Ili uelewe haja yake, twende Austria. Huko wahandisi walichimba njia za maji na za magari katika milima yenye mawe dhaifu. Desturi ya zamani ilikuwa kuegemeza magogo na vyuma, kisha kujenga ukuta mnene wa matofali au zege. Ladislaus von Rabcewicz na wenzake walishika njia tofauti, na mwaka 1962 njia hiyo ikapewa jina, Njia Mpya ya Austria ya kuchimba. Maana yake ni hivi. Mlima uliotobolewa huanza kusogea taratibu kuelekea ndani ya tundu. Ukiuwahi kwa ganda jembamba la zege lililoshikamana na jiwe lenyewe, pamoja na vyuma virefu vilivyopigiliwa ndani ya mwamba, mlima hujibeba wenyewe, kama tao la mlango linavyobeba ukuta ulio juu yake. Ukichelewa, mawe yamekwisha kulegea, na hapo hata ukuta mnene utasumbuka. Kwa hiyo zege hilo linatakiwa lishike dakika ile ile, likae darini bila kuanguka, na baada ya saa chache liweze kubeba mzigo.

Ipo dawa inayofanya hivyo. Ukiitia katika zege, linaanza kuganda kwa dakika chache badala ya saa nyingi. Sasa, ndugu msomaji, niambie: dawa hiyo utaitia wapi? Ukiitia katika mashine ya kuchanganyia, mpira wote utaganda. Naam, umekwisha jibu. Itiwe mdomoni. Swali lile lile la Akeley limerudi, ila sasa maji yamekwisha ingia zamani, na dawa ndiyo inayongoja mpaka mwisho.

Mdomo wa namna hii una kazi mbili kwa mara moja. Zege huja kwa nyuma, zito, likisukumwa na pampu kwa mapigo. Hewa huja kwa ubavuni, nayo imebeba dawa iliyovunjwavunjwa kuwa ukungu, kama umande wa pampu ya kunyunyizia dawa ya kahawa. Vyote viwili huingia kwa pete yenye matundu. Hewa hulipasua zege kuwa vipande vidogo, ukungu huvigusa vipande hivyo, na baada ya pete mdomo huwa mwembamba ili kasi iongezeke. Mwendo wote huo hufanyika katika urefu wa mkono. Wabuni wengine huyapinda matundu kwa mshazari, ili hewa iingie ikizunguka kama kimbunga na kulikoroga zege. Wengine huongeza matundu na kuyafanya madogo. Ubaya wa matundu madogo ni kwamba huziba upesi, na ubaya wa makubwa ni kwamba dawa huingia kwa matone, sehemu moja ya zege ikapata nyingi na jirani yake isipate.

Usione hayo ni madogo. Sehemu iliyokosa dawa hukaa laini darini, nayo ni nzito. Ikitoka huanguka kipande kizima. Sehemu iliyopata dawa nyingi hushika haraka mno, lakini baada ya wiki nne utaikuta dhaifu kuliko zege lisilotiwa dawa, hasa kwa dawa za zamani. Pampu ya zege nayo, kila inapobadili pigo, husimama kidogo sana. Dawa isiposimama pamoja nayo, ukutani hutokea mistari, wa laini na wa mgumu, kama vitambaa vya rangi mbili vilivyoshonwa pamoja. Kwa hiyo mashine za leo hufunga pampu ya dawa na pampu ya zege ziende kwa hatua moja. Vipimo ni vidogo: kwa kila kilo 100 za saruji, kilo chache tu za dawa, mara nyingi kati ya 4 na 8 kwa dawa za siku hizi. Hewa ndiyo inayoliwa sana. Mashine kubwa hutaka kiasi cha meta za ujazo 10 au zaidi kila dakika.

Nimesema dawa za zamani. Miaka mingi dawa hizo zilikuwa za namna mbili hasa, silikati ya sodiamu na alumineti. Alumineti ni kali kama magadi makali ya kutengenezea sabuni. Tone likiingia jichoni huunguza, na ngozi huliwa bila mtu kusikia mara moja. Na kumbuka mahali dawa hiyo ilipotiwa: mdomoni, mbele ya uso wa mtu, pamoja na hewa yenye nguvu, na ukungu uliorudi kutoka darini ulimwangukia yeye. Njia ya maji ilikuwa imempunguzia mrushaji vumbi, na sasa ikampa moto wa aina nyingine. Ilichukua mpaka miaka ya 1990 kupata na kueneza dawa za namna tofauti, zilizotengenezwa kwa alumini na salfeti, zisizo na ule ukali wa magadi. Nazo zina uchachu, kwa hiyo huhitaji vyuma visivyoliwa upesi, na miwani haiachwi. Lakini haziunguzi kama zile, wala hazilipunguzii zege nguvu sana baadaye.

Katika muda huo huo mtu alianza kuondolewa mdomoni. Norway, nchi ya milima yenye njia nyingi za chini ya ardhi, iliacha karibu kabisa njia kavu katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Huko walifunga nozeli kwenye mkono mrefu wa chuma juu ya gari. Mrushaji husimama nyuma, chini ya dari iliyokwisha imarishwa, na huuendesha mkono huo kwa vijiti vidogo. Mkono wa mashine huweza pia kubeba mpira mnene ambao mtu hawezi kuuinua, kwa hiyo kazi ya siku nzima ikawa ya saa chache. Na katika migodi mingi ipo amri kwamba mtu asipite chini ya zege lililorushwa sasa hivi mpaka lipimwe na kuonekana limepata nguvu iliyowekwa. Amri hiyo ilitokana na watu walioangukiwa.

Njia kavu haikufa. Ukitaka kutengeneza nguzo moja ya daraja, au kazi ya nusu saa leo na nusu saa kesho, bado ni nzuri, kwa sababu ile ile aliyoiona Akeley: ukifunga maji, kilichobaki ndani ya mpira ni kikavu, nawe unakwenda kula bila wasiwasi.

Kwa njia ya maji mrushaji hana raha hiyo. Mwisho wa zamu hufunga dawa kwanza, lakini hewa huiacha ivume. Akiifunga hewa mapema, uji wa zege hurudi katika matundu ya pete, nayo dawa iliyobaki humo huligandisha zege papo hapo. Kesho yake atakaa chini na msumari, akitoboa tundu moja moja. Basi huufungua mdomo, huiosha pete, huyatazama matundu yote kwa kuinyanyua pete kwenye taa, ndipo anapokwenda kunawa mikono.

Jumba lile la Chicago bado liko. Makumbusho ilihama mwaka 1921 ikaenda kwenye nyumba yake mpya, na jumba la zamani likajengwa upya kwa mawe ya chokaa na kufunguliwa mwaka 1933 kuwa makumbusho ya sayansi na viwanda. Plasta iliyorushwa mwaka 1907 huwezi kuiona tena. Mahali pake pamekaa mawe. Ndovu wawili wa Kenya wako katika nyumba mpya, ukumbini.